Barabara ya Uhuru ndiyo kabati langu

Mwanamke wa Dar mwenye kazi ya ofisini usimpime mavazi saa tatu asubuhi, akiwa ameshakaa kwenye kiti cha kuzunguka na kiyoyozi kinampuliza. Hapo nani asiyependeza? Mpime saa kumi na mbili na nusu pale Buguruni Sheli, mkoba kwapani, viatu vya kisigino ndani ya mfuko, anagombea mlango wa daladala na wanaume kumi na wanne. Nguo ikitoka salama hapo na ikafika mjini ikiwa bado nguo, hiyo ndiyo ya kuulizia ilikonunuliwa.

Mimi ni mtu wa Tabata, ofisi yangu ipo Posta. Katikati kuna Barabara ya Uhuru. Inaanzia Buguruni, inapita Malapa na Ilala Boma, inakatiza Karume, inaingia Kariakoo na kwenda kutokea Mnazi Mmoja. Wazee bado wanaikumbuka ilipokuwa ikiitwa Kichwele. Mwandishi M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam, alikipa kitabu chake kizima cha hadithi jina la mtaa huu. Sisi wengine tunaijua kwa foleni tu. Lakini mimi nataka nikutembeze kwa sababu nyingine kabisa: karibu kila ninachovaa kwenda kazini, ukiacha viatu na nguo za ndani, kimetoka kwenye barabara hii. Na wala sikuanza kwa kupenda.

Mwaka 2023 nilirudi kazini kutoka likizo ya uzazi. Sheria inakupa siku 84, lakini mwili haujui habari za sheria. Suruali zilipanda mpaka mapajani zikagoma. Mashati yalifunga vifungo vyote isipokuwa kile kimoja cha kifuani, ambacho si unajua tena, ndicho kila mtu anachokitazama. Nikabaki na magauni mawili mapana, jeusi na la bluu, yanapokezana zamu kama walinzi. Wiki ya tatu mkubwa wangu mmoja, mwanamama ninayemheshimu, akanigeukia kwenye lifti: "Mwenzangu, siku hizi umejisahau." Akacheka. Mimi sikucheka, maana wakati huo nilikuwa nasubiri jibu la nafasi ya kuhudumia wateja wakubwa, kazi ya kusimama mbele ya watu na kuongea. Kusema kweli yale maneno yalinikaa rohoni mpaka nyumbani.

Nyumbani nako kulikuwa na hesabu zake. Mimi na mume wangu tunajenga Chanika, na tangu tumwage msingi, bwana yule kila kitu anakipima kwa mifuko ya saruji. Nilimwonyesha gauni kwenye dirisha la duka moja la maana, akalitazama vizuri, akauliza bei, akasema taratibu: "Hiyo ni mifuko minane, mama." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma zaidi, kwa sababu nyumba ile naitaka hata mimi. Tulizozana usiku ule, sauti za chini ili mtoto asiamke, yeye akiongelea lenta na mimi nikiongelea zipu. Mwisho tukafikia makubaliano: fungu moja la mavazi kila mwezi, elfu sitini, haliongezeki wala halikopwi kwa ajili ya kenchi. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtoto anashinda kwa bibi yake, sisi tunapata masaa manne. Elfu sitini na masaa manne. Hapo ndipo nilipoanza kuitembea Uhuru kwa miguu.

Tunaanzia Karume, na Karume ukiifikia saa nne umechelewa. Soko hili la Mchikichini, jirani na ule uwanja wa mpira wa Karume, linaamshwa na watu wanaokuja kujumlia. Alfajiri mabelo yanafunguliwa na wenye maduka wanachagua zile za juu kabisa, ambazo baadaye utazikuta mitaa mingine zimepigwa pasi, zimening'inizwa, bei imepanda mara tatu. Ukifika saa moja unakuta bado vya maana vipo, jua halijachachamaa na wauzaji hawajachoka. Ikishagonga saa tano ni kelele tupu: "Buku, buku, buku! Chagua mwenyewe!" Hapo ni burudani ya macho.

Kuna watu wakisikia mitumba wanakunja pua. Wacha wakunje. Enzi za Ujamaa mizigo hii ilikuwa haiingii hivi. Ni baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980 ndipo mabelo yakaanza kumwagika, na tangu hapo yamewavisha maprofesa na makondakta bila kubagua. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Marekani ikakasirika, ikatishia kutunyima upendeleo wa kuuza kwao kupitia mpango wa AGOA. Rwanda peke yake ikakaza, na mwaka 2018 ikasimamishiwa upendeleo wa nguo zake. Sisi, Kenya na Uganda tukalegeza. Nina mawazo yangu kuhusu hilo, na mume wangu ana yake, tofauti kabisa, na tukiwa Karume huwa tunakatazana kuyaanzisha.

Twende kwenye kazi. Vaa taiti na fulana ya kubana, kwa sababu chumba cha kujaribia hakuna, utajaribu juu ya ulichovaa, katikati ya watu, huku dada wa meza ya pili anakusifia "Imekupenda hiyo!" hata kama imekukataa. Viatu vya chini. Mkoba mbele. Hela ndogondogo, maana ukitoa noti nyekundu kwa kitu cha elfu tatu, bei inaanza kukumbuka mambo mengine.

Nguo ikishakuwa mkononi, igeuze ndani nje. Tazama kwapani, tazama kola, tazama suruali pale miguu inapokutana, kisha iinue juu uiangalie mwanga ukipita. Lebo ya jina la kampuni achana nayo. Soma ile lebo ndogo ya ubavuni inayosema kitambaa ni nini. Jiji hili lina joto la nyuzi 30 na zaidi, na jasho lake unalijua. Ukipanda polista tupu kwenye daladala ya asubuhi, Posta utashuka umeshaoga. Pamba inakunjamana, sawa, lakini inapumua. Kitani ndiyo usiseme: inakunjamana kwa heshima. Mimi nikigusa kitambaa siku hizi najua kabla ya kusoma, na hicho ndicho kitu kimoja ambacho duka la kioo halikuwahi kunifundisha, sababu pale unagusa kwa uoga. Nguo za ndani za mitumba hapana kabisa. TBS wamezipiga marufuku, na hata wasingepiga, jamani.

Kitu kingine ambacho hawakuambii: nguo nyingi za humu zilikatwa kwa miili ya watu wengine. Suruali ikikukaa vizuri makalioni, kiunoni inaacha pengo unaweza kupitisha ngumi. Wengi wanairudisha mezani wakidhani tatizo ni lao. Mimi nachukua ile inayokaa makalioni na mapajani, kiuno namwachia fundi. Kiuno kinapunguzwa kwa elfu tatu, lakini makalio hakuna fundi wa kuyaongeza wala kuyapunguza kwa bei hiyo.

Nina kaka yangu pale, anauza mashati tu. Ya kiume, ya pamba, ya mikono mirefu. Alinizoea baada ya mwezi wa pili, akaacha kuniita "mrembo" akaanza kuniita "sista", na hapo ndipo bei zilipokaa sawa. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye blauzi. Aliniona nahangaika na kile kifungo cha kifuani, akanipa shati la kiume jeupe lenye mistari ya bluu, namba kubwa mbili kuliko yangu. "Vaa hili, likubali mabegani tu. Kwingine kote fundi yupo." Nililivaa Jumatatu, mikono nimeikunja mara mbili, chini sketi nyeusi. Yule mwanamama wa kwenye lifti akauliza nimenunua wapi. Nikamwambia Karume. Akadhani natania.

Ilinichukua muda kaka huyu kunisimulia habari za moto. Januari 2022 soko hili liliungua usiku, mamia ya wafanyabiashara wakaamka hawana meza. Yeye alikuwa na mabelo mawili hajayafungua hata kamba, ya mkopo. Alipofika alfajiri hakukuta hata uzi. "Deni haliungui, sista," aliniambia, mikono yake inaendelea kupanga kola, hata haikusimama. Alilipa mwaka na nusu, akianzia na kuuza soksi mkononi. Mpaka leo mzigo wake haulali sokoni. Kila jioni anaufunga kwenye viroba viwili na kupanda nao bajaji. Nauli hiyo ipo ndani ya bei ya shati langu, na ndo maana mimi simlalii sana. Akisema elfu nane, nasema saba, tunamaliza. Mume wangu, ambaye kwenye saruji hupigania hadi mia mbili, siku aliyoisikia hadithi ile alilipa nane bila neno. Akaondoka na la kwake pia.

Kutoka hapo tunaenda Kariakoo kwa miguu, kama saa mbili na nusu hivi, kabla lami haijaanza kuchemka. Unapita Shule ya Uhuru Mchanganyiko, unakutana na Mtaa wa Msimbazi, na ghafla watu wanakuwa wengi kuliko nafasi. Mume wangu anatangulia na mizigo, mimi namfuata mgongo.

Na hapa naomba nikuambie jambo ambalo wengi wa rika letu hawalijui. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, minisketi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vilikuwa marufuku. Vijana hawakusubiri Januari. Hapa hapa Kariakoo, siku za mwanzo tu baada ya tangazo, makundi ya wanaume yalisimamisha mabasi, yakawavuta wanawake waliovaa nguo fupi na kuwararua. Wengi wa wale mabinti walikuwa nani? Wafanyakazi. Makarani na wapiga chapa waliokuja mjini na vyeti vyao, mshahara wao wenyewe mkononi, wanapanda basi kwenda ofisini kama mimi na wewe. Ukisoma barua zilizochapwa magazetini wakati ule unaona ubishi haukuwa wa sketi peke yake. Mwanamke anayejilipia nguo yake ilikuwa habari mpya mjini, na kuna waliokuwa hawajui waifanyeje.

Hatujatoka huko moja kwa moja. Hata sasa ukikatiza vibaya mtaa fulani na sketi ya magotini, utasikia mluzi, utasikia maneno, na siku mbaya utazomewa na watu ambao hawajui hata unaitwa nani. Ndiyo maana ndani ya mkoba wangu kuna kanga moja, daima. Siibebi kwa kuogopa, jamani, au niseme siibebi kwa kuogopa peke yake. Inafunika mapaja kwenye daladala, inamfunika mtoto, inafuta jasho, mvua ikinyesha inafunika nywele za elfu arobaini. Siku moja gari lilipoharibika Malapa tuliitandika chini tukakaa, mimi na mabinti wawili nisiowajua, mpaka lilipokuja lingine.

Hiyo kanga niliinunua mbele kidogo, kwenye yale maduka ya Uhuru yenye majora yamesimama mpaka darini. Kama hujawahi kuingia, ingia siku isiyo ya sikukuu, maana karibu na Idi hutoboi. Wauzaji wa pale wanakunjua doti kwa mkupuo mmoja, pwaa! ili uone pindo, mji na jina kwa pamoja. Wazee wanasimulia kuwa kanga ilianza karne ya 19 pwani hii, wanawake wakiunga leso za Kireno kuwa nguo moja kubwa. Majina yalikuja baadaye. Ukitaka kushonea kanga nguo ya kazi, tafadhali mwambie fundi mapema jina likae wapi. Kuna binti ofisini kwetu alishona sketi bila kuangalia. Alikuwa akitembea, sisi nyuma tunasoma.

Vitenge vinataka macho zaidi. Hivi tunavyoviita vazi la kwetu vilitoka mbali: Waholanzi waliiga batiki za Java kwa mashine, na kampuni yao ya Vlisco ipo tangu 1846. Baadaye tukaanza kuchapa vya kwetu; kiwanda cha Urafiki kule Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968. Sasa dukani vimechanganyika vyote, na anayejua kuchagua ni wewe. Geuza upande wa pili: waksi ya kweli rangi zake zinafanana mbele na nyuma. Lowesha ncha, isugue na kitambaa cheupe. Ikitoa rangi kwenye kidole, itatoa na kwenye kiti cha mteja. Halafu angalia ukubwa wa maua. Mimi ni mfupi. Ua la ukubwa wa sahani likikaa tumboni kwangu linakuwa taarifa ya habari. Nachukua michoro midogo, rangi mbili au tatu, na hapo yadi sita zinanitolea gauni na blauzi, na kipande cha mtoto kinabaki.

Ah, na sare za wapenzi. Najua wasomaji wengi mnazipenda, na kwenye picha zinapendeza. Sisi tulivaa mara moja tu, kwenye harusi ya shemeji yangu, kitenge kimoja juu mpaka chini, tukaonekana kama mapazia ya sebule moja. Tangu hapo tunashirikiana rangi moja ndogo. Kola yake, mkanda wangu. Anayejua anajua.

Saa tatu na nusu tumeshageuza, tunapanda gari la kurudi Ilala Boma. Mafundi wa Kariakoo wapo, wengi na wepesi, lakini mimi fundi wangu ni mzee mmoja wa Ilala, anakaa na cherehani yake ya kukanyaga kwenye baraza la nyumba ya Kiswahili, mbele ya mlango wa mkewe anayekaanga vitumbua. Nilimpata kwa njia ambayo nakushauri na wewe: nilimsimamisha dada mmoja kituoni, ambaye sketi yake ilikaa kama imemwagwa, nikamwuliza nani kashona. Hakuna mwanamke atakayekasirika kwa swali hilo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea makubwa ya nani tena leo?"

Mzee huyu hapendi simu. Ukimwonyesha picha ya mshono kutoka intaneti, anaitazama kwa adabu, anakurudishia, halafu anakuambia simama. Anakuzunguka. Anakuuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na muuza nguo yeyote: Unapanda gari gani? Unakaa au unasimama? Ofisini unapanda ngazi? Mkono gani unashikilia bomba? Mashati yangu yote upande wa kulia kwapani ameyaongezea kipande kidogo cha kitambaa, kwa sababu mkono huo ndio ninaoninginia nao kwenye daladala, na zamani ndipo yalipokuwa yakichanika. Sketi ameziwekea mpasuo wa nyuma unaofunguka nikipanda ngazi ya gari na kujifunga nikisimama. Mifuko ameweka, ya kweli, inayoingiza simu na nauli. Huo mtindo wangu ambao watu wananiuliza siku hizi, nusu yake ni daladala ya Tabata na nusu nyingine ni kichwa cha mzee huyu.

Lakini kilichonifanya nisimwache ni hiki. Siku ya kwanza nilimpelekea kitambaa cha sketi nikamwambia anibane sawasawa, maana nimeanza kupungua. Akapima, akaandika kwa penseli kwenye ukingo wa gazeti, akasema: "Nitakuachia akiba." Akiba ni ile sehemu ya kitambaa inayokunjwa ndani ya mshono, inchi moja kila upande, haionekani. Nguo nyingi za kiwandani hawaachi. Wanakata mpaka mwisho kuokoa kitambaa, kwa hiyo mwili wako ukibadilika, nguo imekwisha. Akaniambia mwanamke wa umri wangu atanenepa, atapungua, atazaa tena Mungu akipenda, atafunga, ataugua, atapona, na nguo yake inapaswa kuwa na pa kwenda. Aliyaongea huku anatafuta sindano. Mimi, ambaye kwa miezi mitatu nilikuwa nikisimama mbele ya kioo nikiutukana mwili wangu, nilitazama pembeni kidogo kuelekea kwenye vitumbua.

Ile sketi imeshafumuliwa na kurudishwa mara mbili tangu siku hiyo.

Ubaya wake ni mmoja, na ni wa mafundi wote nchini: tarehe. Fundi akisema Ijumaa, usimwulize Ijumaa ya lini. Nikiwa na mkutano tarehe 20, yeye namwambia harusi ni tarehe 12. Sasa ameshanistukia, ananiuliza, "Hiyo ni tarehe ya kweli au ya kwako?"

Mume wangu alikuwa akikaa pembeni anakula vitumbua na kusubiri. Yeye ni mhasibu, na kwa miaka yote alivaa kitu kimoja: suti nyeusi aliyonunua kwa ajili ya usaili wake wa kwanza, na tai. Koti anatoka nalo begani, anarudi nalo begani. Mwilini linakaa ofisini tu. Mwezi wa nne wa safari zetu, fundi akamgeukia. "Shemeji, wewe unapika ndani ya hilo koti?" Akaingia chumbani, akatoka na Kaunda suti yake mwenyewe, ya kijivu, ya zamani sana, ile ya mikono mifupi na mifuko minne, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia. Akamvisha. Ilimbana tumboni, lakini mabegani, jamani! Sikuwahi kumwona mume wangu akijitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa. Siku ile alijitazama.

Alishonewa ya kwake, kitambaa cha pamba nzito cha rangi ya udongo tulichokipata Uhuru, mikono mifupi, bila bitana mgongoni ili hewa ipite. Kwanza aliivaa kwa wasiwasi, Ijumaa tu, siku ambayo ofisi nyingi mjini zinaruhusu vitenge na kanzu. Sasa anaivaa hadi Jumatatu. Vijana wa kazini kwake wanamwita "Mheshimiwa", na yeye anajifanya hapendi.

Nafasi yangu niliipata, miezi mitano baadaye. Sidhani ni kwa sababu ya sketi, nilifanya kazi ile kwa jasho. Ila siku nilipoitwa kuongea mbele ya wateja, kwa dakika arobaini nzima sikugusa kifungo hata kimoja, sikuvuta shati chini, sikufikiria tumbo langu. Kama umewahi kusimama mbele ya watu ukiwa na nguo inayokubana unajua nazungumzia nini.

Kabatini sasa kuna mashati saba, sketi nne, suruali mbili, magauni matatu ya vitenge na koti moja la kiyoyozi ambalo linalala ofisini. Rangi zake zote zinaongea zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri, umeme ukiwa umekatika, naweza kuvuta chochote gizani nikatoka. Asubuhi yangu imepata dakika ishirini zaidi, na nyingi namnyonyeshea nazo mtoto hadi alipoacha mwenyewe. Siku hizi tunazitumia kubishana kuhusu uji. Nyumba Chanika imefika kwenye lenta. Bwana bado anahesabu kwa mifuko, lakini juzi alisimama Karume na jinzi mkononi, akaigeuza ndani nje, akatazama kwapa (ya suruali, ndiyo, bado anajifunza), akauliza kama akiba ipo.

Kaunda suti yake ya pili, ya bluu iliyoiva, ipo kwa mzee, imening'inia juu ya cherehani tangu mwezi uliopita, mkono mmoja umeshashonwa. Tumeambiwa Ijumaa.